Tumeokota jiwe Point Addis, kumbe si la kuokotwa. Nifanyeje?

BabaTwalib, Geelong

Wakuu, habari za wiki. Naomba ushauri, na wa kunicheka acheke kwanza amalize.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama mkwe akaone bahari. Amekuja kututembelea miezi mitatu, na tangu afike analalamika kwamba bahari ya huku tunamwonyesha kupitia kioo cha gari tu. Basi tukaenda Point Addis, pale kati ya Torquay na Anglesea. Upepo wa kukata masikio. Bibi kavua viatu, kaingia mpaka magotini kwenye maji ya barafu, wajukuu wanapiga kelele.

Wakati wa kurudi tukapita pembeni ya njia (najua, kibao kinasema tubaki njiani, nimeshajilaumu). Kuna mahali tuta la mchanga limebomoka, na kwenye ule ubavu uliobomoka unaona utepe mweusi umepita katikati, umejaa makombe ya bahari. Mama mkwe akachutama. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Hapa watu wamekula."

Nikamwambia mama, hayo bahari imeyatupa tu. Akanijibu kwamba bahari haichagui, hutupa wakubwa kwa wachanga, wazima kwa waliosagika. Haya yote ni ya saizi ya kuliwa. Kisha akanionyesha mkaa.

Mimi nikayachukulia kama maneno ya wazee. Binti yangu wa miaka 9 akaokota kijiwe cha ukubwa wa kiberiti, upande mmoja una makali, kama kimebanduliwa kutoka jiwe kubwa. Akatia mfukoni, na sikumkataza. Nikapiga picha, nikaweka status.

Jumatatu kazini (naendesha foklifti ghalani) kuna mzee tunafanya naye zamu, ni Mwaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia), ila si wa pande hizi, kwao ni mbali kaskazini. Huwa tunataniana mpaka msimamizi anatukaripia. Akaiona ile picha, akanyamaza. Akauliza kitu kimoja tu: "Mmelirudisha?" Nikasema liko nyumbani, dirishani jikoni. Akasema pale si nchi yake, hawezi kuisemea, niwaulize wenyewe. Akapanda foklifti yake. Hajanigombeza, lakini tangu siku hiyo utani umekatika, na linaniuma kuliko faini.

Sasa hilo jiwe nilifanye nini? Nikalirudishe mwenyewe? Na hao wenyewe nawapata wapi? Halafu swali langu la pili, labda la kijinga: kibao cha pale kinasema ni hifadhi ya taifa ya bahari, na chini yake kinawataja Wadawurrung, wenyeji wa asili wa pale. Kulinda samaki naelewa. Bahari yenyewe inakuwaje urithi wa watu?

Kobe_Mzembe

Kaka, nenda usiku na tochi, litupe palepale, ondoka. Nani atajua? Usijipeleke mwenyewe serikalini na viza yako.

BabaTwalib, Geelong

Nina uraia, Kobe.

Kobe_Mzembe

Basi nenda mchana.

MamaPweza, Melbourne

Kobe, wewe acha. Utamwingiza mwenzio kwenye shimo ukiwa umekaa kwenye kochi.

BabaTwalib mdogo wangu, kwanza nisalimie mama mkwe wako. Alichokifanya kwa kuchutama ndicho wanachofanya wataalamu wa mambo ya kale: kuangalia kama ni aina chache tu za kome na zote zimekomaa, kama kuna mkaa, mawe yaliyoungua, mifupa ya samaki, vibanzi vya mawe. Mchanga uliotupwa na dhoruba unakuwa na kila kitu, vidogo na vilivyosagwa, na hauna mkaa. Kwenye pwani hii ya Victoria utakuta hasa konokono wa bahari wa mviringo kama kilemba, abaloni (konokono mkubwa wa bahari wa kuliwa), kome na wale wanaong'ang'ania mwambani. Mahali kama hapo wengine hupaita "jaa la kale". Mimi nasema biwi la makombe, lakini hata hilo halinipendezi, maana watu wakisikia biwi wanaona takataka. Pale ni jikoni. Watu wamewasha moto, wamekaa wakiupa upepo mgongo, wamekula, wamechonga vifaa, na wakarudi msimu uliofuata, na uliofuata.

Jiwe sasa. Usilioshe. Usilipake mafuta, usiandike namba juu yake kwa kalamu (nimeyaona hayo yote). Litie kwenye mfuko wa karatasi, na leo hii, kabla hamjasahau, andika mlikuwa wapi: picha zako zina saa na mahali, zihifadhi. Ila usilirudishe mwenyewe. Sababu si woga wa faini. Thamani yake kubwa iko kwenye mahali lilipolala: tabaka gani, karibu na mkaa upi. Ukilichomeka hatua tatu pembeni umetunga uongo mchangani, na atakayekuja kupima atauamini.

Sheria ya jimbo ni ya 2006, ya urithi wa Waaborijini. Kuharibu mahali pa namna hiyo ni kosa, na pia anayegundua mahali au kitu anatakiwa kutoa taarifa, ili kiingizwe kwenye rejesta ya jimbo. Sehemu kubwa ya Victoria ina chama cha wenyeji kilichosajiliwa chini ya sheria hiyo chenye kauli juu ya urithi wa eneo lake. Kwa Point Addis ni shirika la Wadawurrung wenyewe. Piga simu asubuhi, sema ukweli kama ulivyousema hapa, pamoja na ile ya kutoka nje ya njia. Miaka kadhaa nyuma, baada ya dhoruba, mimi niliona mfupa umechomoza kwenye kingo za mchanga. Nilipiga simu huku natetemeka nikidhani nitahojiwa kama mwizi. Niliulizwa maswali matatu, nikaombwa nisiweke picha mtandaoni. Hilo la mwisho nakupa na wewe: futa status. Kila picha inayoonyesha mahali inawaita watu wa mifuko.

Na mwambie binti kwamba hata kombe tupu lisilo na historia yoyote halichukuliwi ndani ya hifadhi hizi. Hakuna kuvua, hakuna kuokota. Zilianza tarehe 16 Novemba 2002, hifadhi za taifa za bahari 13 na hifadhi ndogo 11, kama asilimia 5 ya maji ya pwani ya jimbo zima. Ni kidogo hivyo, ndiyo maana ni kali hivyo.

Swali lako la pili nalijibu kesho, si la kijinga hata kidogo na chai yangu imepoa.

MvuviDandenong

Samahani nitachafua hewa. Mimi nilipigwa faini kwa ndoo ya kome nilizookota sehemu ambayo sikujua mpaka uko wapi. Sikatai, sheria ni sheria. Lakini naona video za kaskazini, Waaborijini wanawinda nguva na kasa ndani ya hifadhi na wanaachwa. Urithi kwa mmoja, faini kwa mwingine?

FundiCairns

Mvuvi, niko huku kaskazini mwaka wa kumi na moja na nimelisikia hilo baa zote. Ngoja nikuelezee ninavyolijua.

Mwaka 1992 mahakama kuu, kwenye kesi ya Eddie Koiki Mabo, ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki zao kabla ya Waingereza kufika. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria, na kifungu chake cha 211 kinasema mwenye haki hiyo anaweza kuvua, kuwinda na kukusanya bila leseni kwa ajili ya familia na jamii yake. Akiuza, kifungu hakimlindi. Kwa hiyo si kwamba "wanaachwa". Wanatumia haki ambayo haikuwahi kuuzwa. Mimi na wewe hatuna, kwa sababu hatukuwa hapa.

Lakini usidhani wanafanya ovyo. Ndani ya Great Barrier Reef, ile miamba mikubwa ya matumbawe ya huku, kuna koo zaidi ya 70 za wenyeji, na tangu 2005, walipoanza watu wa Girringun, wamekuwa wakiandikiana mikataba na mamlaka ya hifadhi: nani awinde, wapi, wangapi. Baadhi ya koo zilikaa zikaamua zenyewe kusimamisha uwindaji kwenye maji yao. Nimefanya kazi ya kutengeneza injini za boti za walinzi wa kienyeji. Ukitaka kuona mtu mkali juu ya kasa, kutana na mama mmoja pale ambaye bibi yake alikuwa anawala.

Na kusini mambo si mteremko kama unavyofikiri. New South Wales walipitisha kipengele cha uvuvi wa kimila mwaka 2009, kisha miaka ikapita bila kukianzisha, huku wapiga mbizi Waaborijini wa pwani ya kusini wakipelekwa mahakamani kwa abaloni, wengine mpaka jela. Wale wale ambao babu zao ndio waliojaza yale mabiwi ya makombe ambayo leo yamewekewa kibao.

MvuviDandenong

Hilo la mwisho sikulijua. Sawa. Ndoo yangu bado inaniuma lakini sawa.

MamaPweza, Melbourne

Nimerudi. Bahari inakuwaje urithi wa watu.

Mimi napiga mbizi, wazee wenzangu wanaona ni wazimu. Kuna mahali panaitwa Portsea Hole, ndani ya hifadhi ya bahari ya Port Phillip Heads, karibu na mlango wa ghuba. Unashuka kama mita 30, na pembeni yako ni ukuta wa mwamba umevaa sponji za njano na zambarau. Siku ya kwanza aliyenishusha aliniambia kabla hatujaruka: "Huu ni mto." Sikumwelewa mpaka nilipofika chini. Ni sehemu ya njia ya kale ya mto Yarra, uleule unaopita katikati ya Melbourne. Ulikuwa unapita pale, juu ya nchi kavu, kabla hakujawa na ghuba.

Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Ungeweza kutembea mpaka Tasmania. Kisha maji yakaanza kupanda, na yalitulia karibu na kimo cha leo kama miaka 7,000 iliyopita. Wakati wote huo watu walikuwepo. Hawakuisoma habari hiyo, walihamishwa nayo: mwaka huu moto wa familia uko hapa, kizazi kijacho hapa pameshakuwa maji.

Na walilikumbuka. Katika miaka ya 1850 wenyeji wa huku walikuwa wakiwasimulia wazungu kwamba ghuba ya Port Phillip ilikuwa uwanja wa kuwindia kangaruu kabla bahari haijaingia. Wazungu waliandika kama hekaya. Mwaka 2016 watafiti wawili, Patrick Nunn na Nicholas Reid, walikusanya masimulizi ya aina hiyo kutoka sehemu 21 kuzunguka pwani yote ya Australia, wakayalinganisha na vipimo vya kina cha bahari, wakasema mengi yanafaa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 7,000. Wapo wasiokubali kwamba simulizi inaweza kuishi muda wote huo. Wengine wanasema ghuba ilijifunga na kukauka tena baadaye, na kwamba pengine simulizi inahusu mara hiyo ya pili. Wabishane. Kwangu mimi hata hiyo ya pili ni zaidi ya miaka elfu moja, na mimi jina la baba wa babu yangu silijui.

Ukihitaji kitu cha kushika kwa mkono, nenda Murujuga, Australia Magharibi. Ni rasi na visiwa vyenye michoro zaidi ya milioni moja iliyochongwa kwenye mawe, na mwaka 2025 iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wapiga mbizi walishuka kwenye maji ya pembeni yake wakatoa taarifa mwaka 2020: vifaa vya mawe 269 vimelala chini ya bahari mahali pamoja, na kingine kando ya iliyokuwa chemchemi ya maji baridi, kwenye kina cha mita 14. Chemchemi, BabaTwalib. Mtu alikwenda kuchota maji akaacha jiwe lake.

Kwa hiyo yale makombe aliyoyaona mama mkwe ni jikoni la mwisho tu, lililowekwa baada ya bahari kutulia. Majikoni yaliyotangulia yalikuwa mbele ya macho yenu siku ile, chini ya mawimbi, na bibi alikuwa amesimama juu yake magoti yakiwa majini.

DadaWollongong

Niongezee kidogo juu ya MamaPweza, maana si mawe tu. Huku pwani ya kusini ya New South Wales Wayuin, wenyeji wa asili, wana mlima Gulaga, huo ni mama. Ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Barunguba, aliomba kwenda kuangalia dunia, akaingia baharini: ndicho kile kisiwa mbele ya Narooma ambacho ramani za zamani zinakiita Montague. Mdogo, Najanuga, mama alimkatalia, akamweka miguuni pake, ni kile kilima kidogo. Ukiwa ufukweni unawaona wote watatu kwa mpigo. Sasa mwambie huyo mama kwamba nchi kavu ni urithi ila maji kati yake na mwanawe si urithi.

Mkitaka pa kupeleka watoto, nendeni Booderee, Jervis Bay. Nchi yenyewe ni mali ya jamii ya Wreck Bay tangu 1995, wameikodisha kwa serikali kama hifadhi ya taifa, na kwenye bodi wao ndio wengi. Hifadhi inaingia mpaka baharini. Mchanga mweupe unaumiza macho, bebeni miwani.

Kobe_Mzembe

Mmenipiga mawe ya kutosha, na mimi nina jiwe langu. Mnajua kwamba mwaka 1944 askari mmoja wa kikosi cha anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu za KILWA kwenye visiwa vya Wessel, kule juu kabisa Northern Territory? Tano! Ufukweni! Kwa hiyo tulifika kabla ya Kapteni Cook, yule Mwingereza. Naomba sehemu yangu ya hifadhi.

MamaPweza, Melbourne

Sarafu ni kweli, ziko tano, na alizikuta pamoja na nne za Kiholanzi. Hakuna ajuaye zilifikaje. Sarafu husafiri mifukoni mwa watu ambao hawakuzaliwa zilikofuliwa. Ukitaka wageni wa kweli wa pwani ile, ni mabaharia wa Makassar, Indonesia ya leo, waliokuja na pepo za msimu kuchemsha majongoo bahari mpaka serikali ilipowafungia mnamo 1907. Waliacha mikwaju ambayo mingine ipo mpaka leo, na waliwaachia Wayolngu, wenyeji wa asili wa pwani ile, neno "balanda" la kumwitia mzungu, kutoka "Hollander". Wayolngu waliwapokea kwa masharti. Na mwaka 2008, kwenye kesi ya Blue Mud Bay, mahakama kuu ilisema maji ya kujaa na kupwa juu ya ardhi ya Waaborijini kule Northern Territory yanahitaji ruhusa yao hata kwa wavuvi wa biashara. Kwa hiyo hata sarafu zako uzipeleke kwa wenyewe kwanza, Kobe.

Kobe_Mzembe

Sina hata moja dada. Nina tochi.

BabaTwalib, Geelong

Wakuu, mrejesho.

Nilipiga simu Jumatano. Status nilikuwa nimeshafuta. Niliulizwa mahali, siku, picha. Wiki hii tukaitwa kukutana nao pale juu, kwenye maegesho ya magari, tuje na jiwe. Mama mkwe akakataa kubaki nyumbani.

Aliyekuja ni kijana wa makamo, mpole, buti zina matope. Akalipokea jiwe kwa mikono miwili. Akamwonyesha binti mahali lilipogongwa likabanduka, kuna kivimbe kidogo kama nundu, akamwambia shika hivi, na kidole gumba cha mtoto kikakaa penyewe. Akauliza nani aliyetambua kwamba pale watu walikuwa wakila. Nikamwonyesha mama. Akamwomba aeleze alichokiona, mimi nikawa mkalimani, na mama akarudia yale yale: bahari haichagui. Nilipomaliza kutafsiri yule kijana alicheka kwa sauti, akamwuliza kwao wanapikaje. Hapo sikutafsiri tena, walikuwa wanaongea kwa mikono, moto, mawe, kome kufunguka. Dakika ishirini zilipita hivyo kwenye upepo.

Tuta lile wataliziba kwa nyavu na majani ili lisiendelee kubomoka. Jiwe watalirudisha wao. Binti aliuliza kama anaweza kulichora kabla ya kuagana nalo, akaruhusiwa, mradi asichore njia ya kufika pale. Mchoro uko dirishani jikoni, palepale.

Faini hamna. Niliambiwa tu kwamba njia ipo kwa sababu, na nikasema ndiyo.

Kazini nilimweleza mzee wa foklifti. Akasema "sawa". Mchana kaniibia biskuti zangu zote mbili na kaacha karatasi tupu juu ya kiti changu.